Je, mama yangu alikuwa mchawi?

Kuna swali ambalo niliulizwa katika mkutano wa familia, na mpaka leo naona haya nikikumbuka jibu langu. Mjomba wangu alinitazama akasema: "Wewe ndiye mtoto wake wa kwanza. Mama yako anatoka usiku, watu wanamuona. Unasema nini?" Nikajibu: "Sijui, mjomba. Labda ni kweli."

Labda ni kweli. Maneno machache tu, lakini kwa watu waliokuwa wameketi pale yalitosha kabisa. Nikueleze namna nilivyofika hapo.

Mama alizaliwa Boga, kule kusini ya Irumu, unapotazama chini ukaona bonde la Semliki na ng'ambo yake ni Uganda. Watu wa huko wote wanajua habari za Apolo Kivebulaya, yule Mganda aliyefika Boga mwaka 1896 kuhubiri, akafia hapo mwaka 1933. Baba ya mama alimuona kwa macho yake. Basi tangu utoto wetu mama alitusimulia jinsi mzee Apolo alivyoomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, si upande wa kwao. Habari hiyo mama hakuisahau hata siku moja. Asubuhi anasahau kama amekula, lakini ukimuuliza juu ya Apolo anakusimulia yote bila kukosea. Hilo lilitudanganya sana. Tulisema: mtu anayekumbuka mambo ya miaka mingi hivyo, anawezaje kusahau chai ya leo? Anafanya makusudi.

Kusahau kulianza mwaka 2019. Chumvi inatiwa mara tatu katika sufuria moja. Ufunguo wa nyumba unaonekana ndani ya unga wa muhogo. Tulicheka, na yeye alicheka pamoja nasi. Halafu, mwisho wa mwezi wa tano 2021, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi wakaua watu wengi, na baada ya siku chache hospitali ya Boga nayo ikaporwa na kuchomwa moto. Mama alikimbia na wengine mpaka Bunia, akapokewa kwa dada yangu. Mimi nilikuwa Mongbwalu, katika kazi ya dhahabu kama wengi wenu.

Huko Bunia mambo yaliharibika haraka. Jua likianza kuzama, mama anafunga kitenge, anachukua kikapu, anasema, "Nakwenda nyumbani." Ukimzuia anakuwa mkali, anapiga mlango kwa mikono. Usiku halali. Anatembea chumba kwa chumba akigusa vitu. Usiku mmoja alisimama karibu na kitanda cha mtoto mkubwa wa dada yangu, akamshika kichwa, akamwita kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa zamani. Kijana aliogopa sana, akalisimulia jambo hilo kesho yake kwa wenzake.

Siku tatu baadaye kijana yule alikuja Mongbwalu kutafuta feza ya masomo. Haikupita mwezi, shimo lilimwangukia. Tulimtoa mimi na wengine kwa mikono.

Ninyi mnaoishi karibu na mashimo mnajua kwa nini udongo unaanguka. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na mbao za kushikilia zilikuwa chache. Mimi nilijua hayo yote. Lakini kwenye matanga vijana walianza kusema kwa sauti ndogo, "Ule koko anatokaka usiku. Alimushika kichwa." Kisha, mbele ya watu wengi, mama alianguka. Mkono wake wa kuume ulitikisika, macho yakaenda upande mmoja, mate yakamtoka. Ilidumu labda dakika mbili. Watu walikimbia, kwa sababu kwetu wengi wanaogopa kuguswa na mate ya mtu wa kifafa. Aliyebaki naye ni dada yangu peke yake, yule aliyekuwa anamlilia mtoto wake.

Mkutano wa familia ulifanyika juma lililofuata. Shauri lilikuwa kumpeleka mama kwa mtu mmoja anayesemwa kwamba anawatambua wachawi. Huko mzee anafungiwa siku tatu bila chakula wala maji mpaka akubali. Mama alikuwa na miaka karibu 78. Nadhani kila mtu katika chumba kile alijua siku tatu zile zingeleta nini. Ndipo nilipoulizwa, nikajibu vile nilivyojibu. Dada yangu alisimama akasema, "Kama munamupeleka, munipeleke na miye." Hakuna aliyemjibu. Wakaahirisha kwa siku kumi ili wamngoje ndugu mwingine.

Katika siku hizo kumi ndugu yetu mdogo alipiga simu kutoka Ubelgiji.

Yeye alikwisha kusikia habari yote, na hakutukana mtu. Alisema tu: "Yaya, nataka nikuambie walichonifanyia hapa hospitali." Kumbe madaktari wa huko walikuwa wanatafuta watu wasio wagonjwa, ili wawalinganishe na wazee wenye ugonjwa unaoitwa Alzheimer. Alikubali kwa ajili ya mama. Kwanza walimuuliza kama ana kipande cho chote cha chuma kichwani, risasi au kipande cha bomu, na kama amewahi kuanguka kifafa, maana watu wa namna hiyo hawapimwi ovyo. Halafu walimketisha katika kiti kama cha kinyozi. Wakambandika vibati vidogo juu ya mnofu wa mkono chini ya kidole gumba, vyenye nyaya zinazokwenda kwenye kompyuta. Kisha wakaweka juu ya kichwa chake kitu chenye umbo la 8, mfano wa bangili mbili zilizoshikamana.

"Kikalia tak! Kama mtu anakugonga na kucha. Na kidole gumba kikaruka. Yaya, mimi sikukiambia kidole kitu. Kiliruka peke yake."

Nilinyamaza. Yeye akaendelea: "Wewe unaijua mashine hiyo. Ni jamaa ya ile ya kutafutia dhahabu."

Hapo nilielewa, na wewe mchimbaji utaelewa upesi kuliko mtu wa mjini. Ile mashine tunayopitisha juu ya udongo ina waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme unaobadilika ukipita katika waya ule unafanya nguvu ya sumaku, na nguvu ile ikikuta chuma au dhahabu chini inaamsha umeme kidogo ndani yake. Mashine inausikia umeme huo, inalia. Aliyeeleza jambo hilo la sumaku kuamsha umeme ni Mwingereza Michael Faraday, mwaka 1831. Mwaka 1985, katika mji wa Sheffield, Anthony Barker na wenzake walitumia kanuni ile ile juu ya kichwa cha mtu. Sumaku inapita katika ngozi na mfupa bila kuumiza, inaamsha umeme ndani ya ubongo. Wakilenga sehemu inayotawala mkono, kidole kinaruka. Ubongo wenyewe unafanya kazi kwa umeme mdogo, ndiyo maana unaitika.

Lakini kurusha kidole si shabaha yao. Wanachotafuta ni kizingiti. Daktari anapunguza nguvu ya mashine kidogo kidogo, anapiga tena na tena, mpaka afike mahali ambapo katika mapigo 10 mnofu unaitika mara 5 tu. Na kuitika kwenyewe ni kudogo mno: wanahesabu kuanzia sehemu moja ya 20,000 ya volti. Betri moja ya tochi, ya volti 1.5, inazidi hapo mara 30,000. Nguvu ile ndogo kabisa inayotosha kuamsha mnofu ndiyo kizingiti cha mtu. Kikiwa juu, ubongo wake ni mzito kuamka. Kikiwa chini, unaamka upesi.

Sasa nikuulize, ndugu msomaji. Mzee anayesahau jina la mtoto wake, unadhani kizingiti chake kiko juu au chini? Mimi nilijibu kwenye simu bila kufikiri: kiko juu, maana ubongo wake umelala. Ndugu yangu akasema: "Hapana. Kwa wengi wao kiko chini. Ubongo wa mama haukulala. Umekesha kupita kiasi."

Madaktari wa nchi nyingi wamepima hivyo kwa miaka mingi, na mara kwa mara wameona kwamba, wakilinganisha kundi na kundi, wenye Alzheimer wanaamshwa kwa nguvu ndogo kuliko wazee wazima. Fikiri pikipiki. Katika ubongo kuna chembe zinazovuta gazi na chembe zinazoshika freni, na mtu mzima anakwenda vizuri kwa sababu zote mbili zinafanya kazi. Ugonjwa huu unaleta uchafu wa protini kati ya chembe na ndani yake, na freni ni miongoni mwa vitu vinavyoharibika mapema. Pikipiki inanguruma sana, lakini haifiki mahali.

Kuna kipimo cha pili ambacho nakipenda zaidi. Kabla tu ya kupiga sumaku, wanapitisha umeme mdogo kwenye kifundo cha mkono. Kwa mtu mzima, habari ile ya mkono inafika kichwani na kushika freni, na kidole kinaruka kidogo tu. Kwa mwenye Alzheimer freni hiyo ni dhaifu, kidole kinaruka karibu kama kwanza. Vincenzo Di Lazzaro na wenzake wa Italia waliandika jambo hilo mwaka 2002. Freni hiyo inategemea maji maji ya ubongo yanayoitwa asetilikolini, yale yale ambayo kumbukumbu inayahitaji. Walipowapa wagonjwa kadhaa dawa ya rivastigimini, inayoyazuia yasiishe upesi, freni ilipata nguvu tena. Dawa ile haiponyeshi ugonjwa, lakini kwa wengine inapunguza uzito wake kwa muda.

Usidhani kwamba ukipimwa hivyo unapewa karatasi inayosema "huyu anao, huyu hana". Watu wanatofautiana sana, na mzee mzima anaweza kuwa na kizingiti cha chini kuliko mgonjwa. Mashine hiyo inasaidia kuelewa ugonjwa na kuona kama dawa inafanya kazi. Mama yangu hakupimwa nayo kamwe.

Basi mimi ilinisaidia nini? Ilinisaidia juu ya kuanguka kwake. Nilimuuliza ndugu yangu, "Na kile kifafa?" Akasema, "Yaya, ubongo usio na freni unafanya nini?" Wazee wenye Alzheimer wanapata kifafa kuliko wazee wenzao. Wengine hawaanguki hata. Wanatazama mahali pamoja, wanatafuna midomo, halafu wanarudi bila kujua kitu. Mama alikuwa anafanya hivyo tangu miezi mingi. Sisi tulisema anaongea na watu wake.

Nilipanda pikipiki kesho yake nikaenda Bunia. Sikumwambia mjomba. Mimi na dada tulimpeleka mama hospitali.

Daktari hakuanza na Alzheimer. Alianza na vitu vinavyoweza kupona, na ninyi vijana mkumbuke jambo hili, kwa sababu si kila mzee anayechanganyikiwa ana ugonjwa huu. Alipima malaria, shinikizo la damu, sukari, kaswende, damu chache. Aliuliza kama mama alianguka akagonga kichwa, maana damu inaweza kukaa chini ya fuvu majuma mengi. Aliuliza dawa anazokunywa na kama ana huzuni kubwa. Akanigeukia mimi akauliza kama tunachoma merkire nyumbani. Nilishtuka. Moshi wa merkire unaharibu ubongo wa mchimbaji na wa watoto wake. Mikono inatetemeka, mtu anasahau, hasira inaongezeka. Ni ugonjwa mwingine kabisa, lakini unaweza kufanana kwa macho. Mama hakukaa karibu na merkire. Mimi ndiye ninayeichoma, na tangu siku ile sichomei tena katika jiko la ndani.

Kisha akamuuliza mama maswali. Leo ni siku gani? Hiki kinaitwaje? Nikumbushe maneno matatu niliyokuambia. Maswali mengine yalikuwa kwangu na kwa dada: alianza lini, anapotea njia, anaweza kupika peke yake? Mama alijibu kwa adabu nyingi, kama mgeni. Alipoulizwa mimi ni nani alinitazama sana akasema, "Ni mtu mwema. Amenileta."

Baadaye nilisoma kwamba mgonjwa wa kwanza kuandikwa habari zake, mwanamke aitwaye Auguste Deter, aliulizwa maswali ya namna hiyo hiyo mwaka 1901, mjini Frankfurt, naye daktari wake alikuwa Alois Alzheimer. Alipoulizwa jina la mume wake alitaja jina lake mwenyewe. Alikuwa na miaka 51 tu. Alikufa mwaka 1906, na mwaka ule ule daktari akawaonyesha wenzake yale aliyoyaona ndani ya ubongo wake.

Wengine watasema: hayo ni ya Wazungu. Sivyo. Kule Ibadan, Nijeria, waliwafuata wazee kwa miaka kadhaa na matokeo yakatolewa mwaka 2001. Ugonjwa ulikuwa mchache kuliko kwa watu weusi wa Indianapolis, Marekani, lakini ulikuwapo. Mwaka 2011 na 2012 waliwapima wazee wa Afrika ya Kati na wa Kongo-Brazzaville, mijini na vijijini, nako walikuta wenye ugonjwa wa kusahau. Na kwetu Kinshasa, Profesa Jean Ikanga na wenzake wanawachunguza wazee kwa maswali, kwa picha za ubongo na kwa damu.

Daktari wa Bunia alimpa mama dawa ya kifafa, kidogo kidogo. Alitueleza wazi kwamba haitarudisha kumbukumbu. Huko Marekani, mwaka 2021, Keith Vossel na wenzake walitoa matokeo ya kuwapa wagonjwa 34 dawa moja ya kifafa iitwayo levetirasetamu kwa kipimo kidogo; kwa jumla haikuwaongezea akili, ila wale ambao umeme wa ubongo wao ulionyesha dalili za kifafa walifanya vizuri zaidi katika majaribio mengine. Ni watu wachache, tusijenge nyumba juu yao. Kwa mama, kuanguka kulikoma. Kule kutafuna midomo kulipungua. Jina langu halikurudi.

Siku ya kumi nilikwenda kwenye mkutano na dawa mfukoni. Nilisema mbele ya wote kwamba nilikosa. Niliwaeleza habari ya mashine ya dhahabu na kidole, na wachimbaji waliokuwapo walifuata kila neno. Mmoja aliuliza maswali mengi mazuri kuliko yangu. Mjomba hakusema kitu. Alitoka mapema. Sijui kama aliamini, lakini yule mtu wa kutambua wachawi hakuitwa tena. Kwa vijana jirani ilichukua muda mrefu. Hata leo kuna mama mmoja anawaita watoto wake ndani mama yangu akipita.

Usiku bado ni mgumu. Daktari alisema tusishindane naye jua linapozama. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu dada yangu naye anafunga kitenge na kuchukua kikapu. Mama anasema, "Nakwenda nyumbani." Dada anajibu, "Twende, mama." Wanatembea mpaka kwenye kisima, wanasalimia watu, wanazunguka, wanarudi kwa mlango wa nyuma. Mara nyingi mama akiona mlango ule anafurahi, anasema, "Tumefika." Siku nyingine anasimama anauliza, "Hii si Boga," na inabidi wazunguke tena.

Nikiwa Bunia ninakwenda nao. Juzi alinishika mkono njiani, akaanza kusimulia jinsi Apolo alivyozikwa. Aliponigeukia akauliza: "Na weye ni nani?"

"Niko mtoto wako, mama."

"Ah. Basi shika kikapu."